Maswali ya baiolojia yanayojirudia huku Mtwara na Lindi

Maswali haya yametoka kwenye daftari langu la kufundishia. Mengi ni ya wanafunzi wa sekondari, mengine ya wazazi kwenye vikao vya shule, na kadhaa ya wavuvi na wabanguaji korosho ambao hawana mtihani wowote mbele yao ila wanataka kujua. Swali lililoulizwa mara moja tu nimeliacha. Kila jibu linasimama lenyewe, na pale jibu lilipo sehemu nyingine nimetaja namba ya swali.

## Ya mwanzo kabisa

1. Baiolojia ni nini, na neno lenyewe limetoka wapi?

Ni elimu ya viumbe hai: miili yao ikoje, inafanyaje kazi, wanazaana vipi, wanaugua nini, na wanaishi vipi na wenzao pale walipo. Neno limeundwa kwa Kigiriki, *bios* yaani uhai, na *logos* yaani elimu. Mwaka 1802 Lamarck wa Ufaransa na Treviranus wa Ujerumani walilitumia kwa maana hii tunayoijua, kila mtu kivyake. Kabla ya hapo kulikuwa na mabingwa wa mimea, mabingwa wa wanyama na matabibu. Kwamba mkorosho na mbuzi aliyefungwa chini yake wasomwe ndani ya elimu moja, hilo lilikuwa halijapata jina.

2. Baiolojia ina matawi mangapi?

Hakuna idadi rasmi, na mwalimu anayekutaka ukariri "matawi kumi" anakuonea. Matawi hayakugawanywa kwa kipimo kimoja. Mengine yametengwa kwa aina ya kiumbe: botania kwa mimea, zuolojia kwa wanyama, entomolojia kwa wadudu, mikrobaiolojia kwa vijidudu. Mengine yametengwa kwa swali linaloulizwa: anatomia inauliza kiungo kimekaaje, fiziolojia inauliza kinafanyaje kazi, jenetiki inauliza sifa zinarithiwa vipi, ikolojia inauliza kiumbe anahusiana vipi na mazingira yake. Mengine yanafuata mahali, kama baiolojia ya bahari.

Simama chini ya mkorosho mmoja pale Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, mwezi wa saba, mti ukiwa umechanua. Anayeuliza ua lina sehemu gani yumo kwenye botania. Anayetazama ule unga mweupe uliotanda juu ya maua, ubwiriunga, ameingia kwenye elimu ya kuvu, mikolojia. Akimfuatilia mdudu anayefyonza machipukizi hadi yakakauka na kuwa meusi, hiyo ni entomolojia. Akiuliza kwa nini mti huu umeshambuliwa na wa pili yake umesalimika, huenda jenetiki ikamjibu. Akihesabu nyuki wanaotoka kwenye pori la jirani kuja kwenye maua, anafanya ikolojia. Mti ni uleule mmoja. Swali ndilo linalomhamisha mtu kutoka tawi hadi tawi. Ukilishika hilo, nusu ya maswali ya chini utayajibu mwenyewe.

3. Baba wa baiolojia ni nani?

Jibu la mtihani ni Aristotle, Mgiriki aliyeishi kati ya 384 na 322 kabla ya Kristo. Sifa yake haikutoka hewani. Alichunguza mayai ya kuku siku baada ya siku kuona kifaranga kinavyojengeka, na aliandika kwamba pomboo anapumua hewa na kunyonyesha. Alikosea pia, tena sana: aliamini samaki waitwao mikunga wanazuka wenyewe kwenye matope.

Kwa upande wangu, orodha za "baba wa hiki, baba wa kile" zinanichosha. Chukua seli. Robert Hooke aliona vijumba vidogo kwenye kipande cha gome la mti na kuvipa jina hilo mwaka 1665. Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa mji wa Delft, akaona vijidudu hai miaka ya 1670. Schleiden akasema mwaka 1838 kwamba mimea imejengwa kwa seli, Schwann akasema hivyo kwa wanyama mwaka 1839, na Virchow akatangaza mwaka 1855 kwamba kila seli hutoka kwenye seli nyingine. Sasa hapo baba ni yupi?

4. Mbona wanasayansi wote wa vitabuni ni Wazungu?

Si wote, ila vitabu vingi vya shule vinaanzia Ulaya na kuishia hukohuko. Al-Jahiz wa Basra, karne ya 9, aliandika kwa kirefu kuhusu wanyama, wakiwamo wanaowindana na wanaoliwa. Ibn al-Nafis, tabibu wa karne ya 13 aliyefanya kazi Kairo, alieleza kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, hupita kwenye mapafu, ndipo huingia upande wa kushoto. William Harvey alichapisha maelezo yake ya mzunguko wa damu mwaka 1628, karne nyingi baadaye.

Karibu na kwetu yuko Thomas Odhiambo wa Kenya, mtaalamu wa wadudu aliyeanzisha kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE jijini Nairobi mwaka 1970. Wangari Maathai, ambaye wengi wanamjua kwa miti na Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2004, alikuwa mwanabaiolojia aliyebobea kwenye anatomia ya wanyama. Na wapo watu wa Lindi kwenyewe ambao mikono yao imo kwenye sayansi kubwa ingawa majina yao hayatamkwi; tazama swali la 14.

## Majina na makundi

5. Kwa nini tujisumbue na majina ya Kilatini wakati Kiswahili kipo?

Kwa sababu Kiswahili, kama lugha yoyote ya watu, kinampa kiumbe jina kwa sura yake au kwa matumizi yake. Nenda feri ya Mtwara asubuhi uulize changu: utaonyeshwa samaki wa spishi mbalimbali, wote wakiitwa changu, na muuzaji hakosei. Mbu wa mikorosho si mbu kabisa. Ni mdudu mfyonzaji aliye karibu zaidi na kunguni. Jongoo bahari si jongoo, ni ndugu wa kiti cha pweza. Na kiti cha pweza, kama ujuavyo, hakina uhusiano wowote na pweza.

Carl Linnaeus wa Uswidi aliweka utaratibu wa majina mawili, kwa mimea mwaka 1753 na kwa wanyama mwaka 1758. Mkorosho ni *Anacardium occidentale* kwa mtafiti wa Naliendele na kwa mwenzake wa Brazili, ambako ndiko mti huu ulikotoka kabla Wareno hawajauleta pwani yetu. Jina la kwanza linaanza kwa herufi kubwa, la pili kwa ndogo, na ukiandika kwa mkono unapigia mstari. Kila mwaka wanafunzi wanapoteza alama kwa kusahau huo mstari tu.

Jina la kisayansi linabeba na ukoo. Mkorosho umo kwenye ukoo mmoja na mwembe. Ndiyo maana mtu ambaye ngozi yake inawashwa na utomvu wa embe anapaswa kujihadhari na maganda ya korosho.

6. Nyangumi na nguva ni samaki?

Hapana, ni mamalia. Wana mapafu, damu yao ina joto, wanazaa na kunyonyesha.

Mvuvi mmoja wa Msimbati aliniuliza hili tukiwa tumekaa kwenye mtumbwi uliopandishwa mchangani. Nikaanza kueleza mapafu na maziwa, akanikatiza: "Mwalimu, maziwa mimi nitayaona wapi? Nipe alama ya kuiona baharini." Nikamwambia aangalie mkia. Samaki anapeleka mkia kushoto na kulia. Nyangumi, pomboo na nguva wanaupeleka juu na chini. Akanyamaza kidogo, akaupeleka mkono wake hivi na hivi hewani, kisha akasema: "Basi papa potwe ni samaki." Ndivyo, papa potwe ni samaki, ingawa ukubwa wake unawachanganya wengi. Tangu siku hiyo darasani naanza na mkia.

7. Mwani ni mmea? Na uyoga je?

Uyoga si mmea. Ni kuvu, na kuvu hawajitengenezei chakula kwa mwanga wa jua. Wanakula vilivyokufa au vilivyo hai. Kwa ukoo wako karibu zaidi na wanyama kuliko na mchicha, jambo ambalo darasa zima hulikataa mara ya kwanza.

Mwani ni mgumu kidogo. Aina mbili ambazo kina mama wa pwani wanazilima, kotonii na spinosum, ni mwani mwekundu. Unajitengenezea chakula kwa jua kama mmea, lakini hauna mizizi ya kweli, wala shina, wala maua. Kinachoonekana kama mzizi ni kishikio tu, na ndiyo maana ukiufunga kwenye kamba unakua bila shida. Kotonii ina bei nzuri zaidi ila haistahimili maji yenye joto kali. Sababu yake utaipata kwenye fiziolojia, na mkulima wa mwani anaisoma mfukoni.

8. Korosho ni tunda au ni mbegu?

Tunda halisi ni ile korosho yenye ganda, na mbegu ni ile nyeupe tunayoila. Bibo, lile jekundu au la njano lenye maji tunalotafuna na ambalo wengine hulitengenezea pombe ya uraka, kibotania ni tunda la uongo: ni kikonyo kilichovimba.

Ukitaka kulithibitisha, tazama tawi lenye korosho changa. Korosho hutokea kwanza, ya kijani, ikining'inia peke yake. Bibo huvimba baadaye, korosho ikiwa imeshafikia ukubwa wake. Ganda lina mafuta yenye asidi inayounguza ngozi, na mama yeyote aliyebangua korosho kwa mkono anaweza kukuonyesha alama vidoleni. Kwa mti ule ni ulinzi wa mbegu dhidi ya walaji.

## Visivyoonekana kwa macho

9. Bakteria, virusi na kuvu vinatofautianaje?

Bakteria ni kiumbe kamili wa seli moja. Robert Koch alimtambua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882. Dawa za antibaiotiki zinamuua, na ya kwanza kujulikana sana, penisilini, ilitoka kwenye kuvu: Alexander Fleming aliona mwaka 1928 kwamba kuvu iliyoingia kwenye kisahani chake imewaua bakteria waliokuwa karibu nayo.

Kuvu wana seli kubwa zaidi, zenye kiini. Hamira ni kuvu, na ubwiriunga wa mikorosho ni kuvu. Salfa inayopulizwa shambani inawahi kuvu huyo kabla hajaenea kwenye maua machanga. Virusi havina hata seli. Ni kifurushi cha vinasaba ndani ya ganda la protini, na haviwezi kujizidisha mpaka viingie kwenye seli ya mwingine. Ivanovsky mwaka 1892 na Beijerinck mwaka 1898 walivifikia kupitia ugonjwa wa tumbaku, walipoona kwamba kinachoambukiza kinapita kwenye chujio linalozuia bakteria.

Je, virusi ni hai? Ukisisitiza lazima kiwe na seli, si hai. Ukisema chochote kinachojizidisha na kubadilika kizazi kwa kizazi ni hai, vimo. Kwenye mtihani andika kwamba vina sifa za pande zote mbili. Kwenye duka la dawa kumbuka jambo moja tu: antibaiotiki haziui virusi, hata ukimaliza dozi mbili.

10. Ni kweli chikungunya ni neno la Kimakonde?

Kweli kabisa, na nashangaa jinsi watoto wa Newala wasivyolijua. Mwaka 1952 na 1953 kulizuka ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo kwenye uwanda wa juu wa Makonde. Wagonjwa walikuwa wanatembea wamejikunja. Wenyeji wakauita kwa kitendo cha Kimakonde, *kungunyala*, kukunjamana. Madaktari Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliuandika kwenye jarida la kitabibu mwaka 1955 kwa jina hilohilo la wenyeji, na leo daktari wa Brazili au India anaandika neno la Kimakonde kwenye cheti cha mgonjwa bila kujua Newala iko wapi.

Kwa nini kule juu? Maji ni ya shida kwenye uwanda ule. Visima na chemchemi vilikuwa mbali, mabondeni, kwa hiyo kila nyumba iliweka akiba ya maji kwenye mitungi na vyombo vya ndani. Mbu aina ya *Aedes aegypti* anapenda maji ya namna hiyo hasa, masafi na yaliyotulia karibu na watu. Huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakikukingi vya kutosha. Kufunika mapipa kunasaidia zaidi. Ukihesabu, hapo umeshapita kwenye virolojia, entomolojia na ikolojia ya binadamu kwa ugonjwa mmoja.

11. Nani aligundua kwamba malaria inaletwa na mbu?

Alphonse Laveran aliona kimelea kwenye damu ya mgonjwa huko Algeria mwaka 1880. Ronald Ross, akiwa India mwaka 1897, alimpasua mbu aliyemnyonya mgonjwa na kukikuta kimelea tumboni mwake. Mwaka uliofuata Giovanni Battista Grassi na wenzake Italia wakaonyesha kwamba malaria ya watu inabebwa na mbu anofelesi. Ross alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1902, na ugomvi wake na Grassi juu ya nani alitangulia haukuisha.

Dawa ya mseto unayopewa zahanati ina kiungo kinachotokana na artemisinini, iliyotolewa kwenye mmea wa tiba ya jadi ya Kichina na kundi la Tu Youyou miaka ya 1970. Alipewa Nobel mwaka 2015. Watu wakiniambia botania haina faida, nawatajia mmea huo.

## Urithi

12. Baba na mama hawana ualbino. Imekuwaje mtoto akazaliwa nao?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na mama, baada ya watu wengine kutoka chumbani. Nalijibu polepole.

Kila mtu ana nakala mbili za kila jeni, moja ya mama na moja ya baba. Jeni inayosababisha ualbino hujificha: mtu mwenye nakala moja iliyobadilika na nyingine nzima ana rangi ya kawaida na hajui chochote. Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba nakala moja kila mmoja, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne mtoto apate zote mbili zilizobadilika. Si katika kila watoto wanne. Ni kila mimba upya, kama kurusha shilingi. Kwa hiyo nakala moja imetoka kwa baba, na baba anayemlaumu mama hajui anachosema. Laana haimo humo, wala usaliti wa ndoa.

Kanuni hii ilifumbuliwa na Gregor Mendel, mtawa wa Brno, kwa njegere. Alipandisha njegere ndefu na fupi, kizazi cha kwanza kikawa kirefu chote, na ufupi ukarudi kwenye kizazi cha pili kwa kiasi cha moja kati ya nne. Aliisoma kazi yake mbele ya watu mwaka 1865, ikachapishwa 1866, na karibu hakuna aliyeijali mpaka mwaka 1900, yeye akiwa amekufa tangu 1884.

Mtoto mwenye ualbino anahitaji kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, na kiti cha mbele darasani kwa sababu ya macho. Haya ni ya lazima kuliko maelezo yote ya njegere.

13. Nilipanda korosho ya mti bora, mbona mti uliotoka si bora?

Kwa sababu ulipanda mtoto, hukupanda mti wenyewe. Ile korosho ilitokana na chavua ambayo pengine ililetwa na mdudu kutoka mti mwingine, na jeni zimechanganyika upya kama zilivyoelezwa kwenye swali la 12. Ukitaka mti uleule, chukua kikonyo chake, yaani kipande cha tawi, ukibebeshe kwenye mche. Miche ya kubebesha inayotolewa na kituo cha utafiti cha TARI Naliendele inabeba jeni za mti mama bila kubadilika.

Faida ina hatari yake. Shamba zima likiwa la mti mmoja uliorudufiwa, ugonjwa unaouweza mmoja unaiweza yote. Ndiyo maana unashauriwa kuchanganya aina kadhaa. Wazee wanakumbuka anguko la korosho: msimu wa 1973/74 nchi ilivuna karibu tani 145,000, na katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalishuka chini ya tani 20,000. Bei na watu kuhamishiwa vijijini vilichangia, lakini ubwiriunga nao ulikuwa umeshaingia mashambani.

## Ya kale

14. Yule mjusi wa Tendaguru alikuwa mjusi kweli?

Hakuwa mjusi. Neno dinosauri, alilolitunga Richard Owen mwaka 1842, kwa Kigiriki lina maana ya mjusi wa kutisha, na kosa hilo limetufuata hadi kwenye Kiswahili. Miguu ya mjusi imetanda pembeni. Ya dinosauri ilisimama wima chini ya mwili. Ndugu zake waliobaki leo ni ndege. Kuku anayeparua nyuma ya nyumba yako yuko karibu naye kuliko mjusi kafiri wa ukutani.

Kilima cha Tendaguru kiko kaskazini magharibi ya mji wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani Bernhard Sattler alikuta mifupa mikubwa imejitokeza ardhini. Kuanzia 1909 hadi 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin, ukiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, ulichimba zaidi ya tani 200 za mabaki ya viumbe wa miaka milioni 150 hivi iliyopita. Mkubwa kati yao, aliyeitwa *Brachiosaurus brancai* na sasa *Giraffatitan*, amesimamishwa Berlin tangu 1937, na kimo chake kinapita mita 13.

Sehemu ninayoirudia darasani ni hii. Wachimbaji walifika mamia, wengi wakiwa wametoka kwenye njaa iliyofuata Vita vya Maji Maji. Mifupa ilifungwa na kubebwa kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, fundi wa kutambua na kutoa mfupa kwenye mwamba bila kuuvunja. Kutoa kisukuku ni ufundi, na paleontolojia haiwezi kuanza kabla ya ufundi huo. Mwanafunzi anayemtaja Janensch peke yake nampa alama zake, halafu namuuliza nani alishika patasi.

Mjadala wa kumrudisha au kumwacha Berlin si wa baiolojia, kwa hiyo siuingii hapa.

15. Silikanti ni nini, na ni kweli ameonekana huku?

Ni samaki mkubwa wa kina kirefu, mwenye mapezi yenye nyama yanayofanana na vikonyo. Wanasayansi walimjua kwa visukuku tu na waliamini ametoweka kiasi cha miaka milioni 66 iliyopita. Desemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, mhifadhi wa makumbusho ndogo ya East London, Afrika Kusini, alimwona mmoja kwenye rundo la samaki wa meli ya uvuvi. J. L. B. Smith akathibitisha na kumpa jina *Latimeria chalumnae*, kisha akatafuta wa pili kwa miaka 14 hadi alipopatikana Komoro mwaka 1952.

Kwetu, alinaswa karibu na Songo Mnara, Kilwa, mwaka 2003, na baada ya hapo wengi wakanaswa Tanga. Ananaswa zaidi na jarife linalotegwa kwenye maji ya kina. Nyama yake ina mafuta mengi na hailiki vizuri, kwa hiyo ukimpata hai mrudishe, hutapoteza kitoweo.

16. Darwin alisema binadamu ametokana na nyani?

Hakusema tumetokana na nyani hawa wa leo. Alisema viumbe wana asili ya pamoja na hubadilika polepole, kwa sababu wanaofaulu kuishi na kuzaa ndio wanaorithisha sifa zao. Alfred Russel Wallace alifikia wazo hilohilo akiwa visiwa vya Asia, na maandishi yao yalisomwa pamoja London mwaka 1858. Nyani ni binamu, si babu.

Mwanafunzi akiniuliza kuhusu dini yake, namwambia mtihani unapima kama umeielewa hoja na ushahidi wake. Mengine aende kwa sheikh wake au padri wake, na wote wawili nawajua, hawaumi.

## Maswali ya pembeni

17. Bado kuna wanyama wasiojulikana huku kusini?

Wapo, hasa wadogo. Komba wa Rondo, anayeishi kwenye msitu wa Rondo na mabaki mengine ya misitu ya pwani ya Lindi na Mtwara, aliingizwa rasmi kwenye orodha ya spishi miaka ya 1990 tu. Uzito wake ni gramu 60 hivi, karibu sawa na yai la kuku wa kisasa, na mkia wake una manyoya kama brashi ya kuoshea chupa. Njia mojawapo ya kumtofautisha na komba wengine ni mlio wake wa usiku. Wenyeji waliokuwa wakimsikia siku zote wangeweza kuulizwa mapema.

18. Nikipuliza dawa ya wadudu, mbona mbu wa mikorosho wanarudi wengi zaidi?

Huenda umewaua majimoto. Wale siafu wekundu wa juu ya mti wanaoshona majani kuwa viota ndio askari wako. Wanamwinda mbu wa mikorosho na wadudu wengine waharibifu. Dawa inaua pande zote, lakini mharibifu anarudi kutoka shamba la jirani haraka kuliko kiota cha majimoto kinavyojengwa upya. Kabla ya kupuliza, hesabu viota. Na salfa ya ubwiriunga (swali la 9) ni ya kuvu. Usitegemee imalize wadudu.

19. Shule yetu haina hadubini. Tufanyeje?

Dondosha tone dogo la maji safi kwenye kioo cha kamera ya simu, igeuze taratibu, kisha isogeze karibu na kitu. Tone linakuwa lenzi. Tulifanya hivyo na ua la mkorosho lenye ubwiriunga, na ule "unga" ukawa nyuzi nyuzi zilizosokotana. Msichana mmoja alirudisha mkono haraka kana kwamba zingemrukia. Leeuwenhoek wa swali la 3 naye alitumia hadubini zenye lenzi moja moja tu, alizozitengeneza mwenyewe.

20. Nikisoma baiolojia nitafanya kazi wapi?

Maabara za hospitali, utafiti wa kilimo Naliendele, chuo cha uvuvi cha FETA Mikindani, hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Mto Ruvuma, misitu, ufugaji, ualimu. Kwa kidato cha tano chagua PCB (fizikia, kemia, baiolojia) au CBG (kemia, baiolojia, jiografia) ukijua unakotaka kwenda, maana kozi za afya huuliza fizikia.

21. Nimeokota mdudu au mfupa nisioujua. Nimpelekee nani?

Mdudu wa shambani: mweke kwenye chupa yenye matundu pamoja na jani alilokuwa anakula, mpelekee afisa ugani au kituo cha Naliendele. Samaki wa ajabu: mpige picha akiwa mzima, weka rula au sarafu pembeni, andika kina cha maji na aina ya wavu, kisha toa taarifa kwa afisa uvuvi.

Mfupa uliogeuka jiwe usiuchimbe. Piga picha palepale, andika mahali, ufunike kwa udongo, mwambie mwenyekiti wa kijiji awasiliane na watu wa Mambo ya Kale. Mfupa ukishang'olewa, tabaka la mwamba uliokuwa ndani yake halijulikani tena, na umri wake hupimwa kwa tabaka hilo.